Kivuko cha Usiku wa Mwandamo

Mwezi uliandama jioni ambayo Nasima hakuutaka uandame. Alikuwa amekwisha kujipangia mambo yake: mwezi utatimiza thelathini, kesho itakuwa siku ya mwisho ya kufunga, bintiye Fahima atavuka mto asubuhi kweupe, afike Kitui mjini kabla ya futari, na keshokutwa watu wamwone kwenye sala ya Idi amesimama kando ya mama yake, mtoto begani. Mpango ulikuwa mzuri. Mwezi nao haukuulizwa.

Habari zilitangazwa redioni watu wakiwa bado na tende mkononi. Mtaa ukashangilia, watoto wakatoka nje mbio, na jirani yake Bi Hasina akaja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Alipofika mlangoni akitoka, akageuka, akauliza kwa sauti ile yake ya kujitia hana habari kama Fahima atakuja mwaka huu. Hasina ndiye aliyeuliza swali hilohilo Idi iliyopita, uwanjani, mbele ya kina mama wote. Nasima akajibu kwamba yuko njiani. Kisha akafunga mlango na kubaki amesimama nyuma yake.

Njiani wapi! Fahima alikuwa ng'ambo ya mto Athi, upande wa Makueni, kwa Mbinya muuza chai wa kivukoni, amevua viatu na ananyonyesha. Alitoka Emali mchana, akabadilisha gari Wote, na alipofika mtoni jua lilikuwa limekwisha kuinama na boti imefungwa. Mvua za huko juu zilikuwa zimemeza lile daraja la saruji la chini chini, kwa hiyo wa kuvuka alivuka kwa boti ya Kilonzo au alizunguka kwa Wamunyu, nusu siku nzima, na jioni hiyo gari la kuzunguka halikuwepo. Angelala kwa Mbinya na kuvuka alfajiri. Lakini sala ya Idi haisubiri mtu. Ukivuka alfajiri na kuja na ile barabara ya vumbi, unafika mjini watu wanakunja mikeka.

Na Nasima alitaka bintiye aonekane. Tuseme ukweli tu, maana yeye mwenyewe aliusema baadaye. Walikuwa wamekosana kwa sababu ya ndoa. Nasima alikuwa na mtu wake, mwenye duka huko Mwingi, wa ukoo wanaojuana tangu babu zao walipopanda kutoka pwani. Fahima akamchagua Hared, msafirishaji wa mifugo, leo Emali, kesho Loitokitok. Nikaha ikafungwa Emali na Nasima hakwenda. Alisema miguu inamuuma, na miguu ile haikuwa na neno lolote. Mtoto akazaliwa, akaitwa Mikail, na nyanya yake akamjua kwa picha za simu. Mji mdogo kama Kitui hauhitaji kuambiwa mambo hayo mara mbili.

Akampigia Fahima. Fahima akamwambia kumeshakuwa giza, Kilonzo amefunga boti na hataki hata kusikia. Nasima akamwambia ajitayarishe tu, amfunge mtoto vizuri, Kilonzo amwachie yeye.

Kilonzo alikuwa Mkamba wa huko huko mtoni, nyumba yake upande wa Kitui, lakini maji yakijaa alilaza boti, na kulala nayo, upande wa Makueni, kwenye kijighuba chenye mizizi ya mkuyu, kwa sababu ukingo wa kwao mkondo huupiga moja kwa moja. Sheria yake moja ilijulikana pande zote mbili: jua likizama, boti imelala. Nasima alipompigia, akamweleza kwa upole kwamba magogo yanakuja na maji, kwamba saa hizi viboko wanatoka kwenda kula mashamba ya watu, kwamba jaketi ya kuokolea iko moja na mtoto hana ya saizi yake. Aliongea kwa heshima na kila alipomaliza jambo alimwita Mwaitu, yaani mama, kama alivyomwita tangu mwaka juzi.

Mwaka juzi mkewe Kilonzo, Ndinda, alijifungua kwa shida katika hospitali moja mjini, damu haikatiki, na Kilonzo hakuwa na ndugu karibu. Nasima alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa wa kitanda cha jirani. Akamwacha mgonjwa wake, akatoka usiku akaenda kugonga milango ya waumini hadi watu wa kutoa damu wakapatikana. Lilikuwa jambo jema, na alilifanya bila kufikiria. Jioni hii akalifikiria.

"Kilonzo," alisema, "siku ile ya Ndinda, mimi nilikwambia kumekuwa giza?"

 Nasima alisikia mto kwenye simu, na kwa kitambo kidogo akaona aibu, lakini hakuyarudisha maneno.

"Sawa, Mwaitu," Kilonzo alisema. "Nitamleta. Lakini hakuna mtu atamulika hii maji. Ndinda ataweka taa yake ya mafuta chini, pale mahali mimi hufikia. Hiyo moja inatosha. Simu ya Fahima nitaizima, isiwake kwa boti. Na wewe ukikuja, ukae tu."

Ukae tu! Kumwambia Nasima akae tu ni sawa na kumwambia jogoo asiwike. Salat, mdogo wake, alikuwa na Probox ya kubebea mizigo ya sokoni. Akamtoa kwenye pilau ya futari, na ndani ya gari akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua, akauliza mbona wanakwenda polepole, akauliza mbona wanakwenda mbio. Kila alipojaribu namba ya Fahima, yule mwanamke wa mtandao alimjibu kwamba haipatikani. Alijua haipatikani. Alikuwa ameambiwa itazimwa. Akaendelea kupiga.

Walipofika kivukoni, ule mwezi ulioleta kasheshe yote ulikuwa umeshazama zamani. Mwezi mwandamo ndivyo ulivyo: unatoa habari zake kisha unakwenda kulala, na usiku wake hauna taa kabisa. Mawingu nayo yalikuwa yamefunika nyota. Nasima aliusikia mto kabla hajauona, na kwa kweli hakuuona. Palikuwa na sauti nzito tu ya maji mengi yanayokwenda mahali kwa haraka.

Ndinda alikuwa amechuchumaa ukingoni, leso mabegani, na taa yake ya chemni chini kando ya jiwe, imefichwa kwa bati upande mmoja isimchome yeye machoni. Akawasalimia, akamwambia Salat asimamishe gari huko juu kwenye majani na azime kila kitu. Kilonzo ameshaondoka ng'ambo, alisema. Alipiga filimbi, ndiyo ishara yake.

"Sasa tunangoja," alisema Ndinda. "Yeye anatafuta hii taa moja. Ukiweka mbili, hajui ni gani. Ukimmulika, haoni hata moja."

Nasima akangoja. Alikaa kwenye jiwe, akainuka. Akatembea hadi majini, viatu vikaloa, akarudi. Akauliza kama ni kawaida kuchukua muda huu, na Ndinda akasema ni kawaida, kwa sababu maji yakiwa hivi Kilonzo hupanda kwanza na ukingo wa ng'ambo, polepole, halafu ndipo anakata na kuteremka na mkondo hadi kwenye taa. Akauliza tena. Ndinda akasema tena. Mwishowe wakaisikia sauti ya makasia, kong, kong, mbali na juu kidogo, na Nasima akashika kifua akamshukuru Mungu kwa sauti.

Halafu makasia yakanyamaza.

Karibu na sauti ile, kiboko akakoroma. Ni mkoromo unaoanzia tumboni mwa ardhi, na ukiusikia usiku hujui uko mbele yako au nyuma yako. Mwanamke akapiga ukelele mfupi majini. Kisha kimya, hakuna kasia, hakuna neno, maji tu.

Sasa, mtu wa mto angeujua ukimya ule. Kilonzo akisikia kiboko huinua makasia, huwaambia abiria wafunge midomo, na huliacha lile dubwana lipite na shughuli zake. Kiboko hana haja na boti isiyomsumbua. Ndinda aliujua ukimya ule na ndiyo maana hakujongea. Lakini Nasima alizaliwa Kitui mjini, maji aliyoyajua ni ya mtungi na ya bomba siku yakitoka, na ukimya ule kwake ulikuwa kifo cha mwanawe. Akapanda ule ukingo kwa mikono na magoti hadi kwenye gari.

"Salat, washa."

Salat akasema Ndinda amewakataza.

"Mwanangu yuko kule ndani. Washa!"

Na Salat, ambaye tangu utotoni hakuwahi kushinda ubishi na dada yake, akawasha. Akafanya na zaidi ya alivyoambiwa, kama watu wapole wafanyavyo wakibabaika: aliteremsha gari hadi kwenye tope la ukingoni, akatia taa kubwa, akaelekeza mtoni.

Wakaona kila kitu. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, mapana kuliko Nasima alivyowahi kufikiria, yamebeba matawi. Mgongo wa kiboko, mweusi, unang'aa. Na boti ndogo mno, si mbali tena, Fahima ameinama juu ya kifurushi kifuani pake na Kilonzo ameinua mkono kuficha macho. Kiboko akashtuka na ile taa. Akazama kwa kishindo, wimbi likainua boti upande, kasia moja likamponyoka Kilonzo na kwenda zake.

"Zima!" Kilonzo alikuwa analia, si kupiga kelele. "Zima hiyo kitu!"

Ndinda akafika kwenye gari kabla sauti haijaisha, akaingiza mkono dirishani akazima mwenyewe. Giza lililorudi halikuwa lile la kwanza. Nasima alitazama mtoni, akaona madoa mekundu na ya kijani yakiogelea, na hapo ndipo alipofahamu. Ikiwa yeye aliyekuwa nyuma ya taa haoni, aliyekuwa mbele yake anaona nini?

Jibu lilitoka majini. "Ndinda, sioni taa yako. Sioni kitu." Na sauti ile haikuwa mbele yao tena. Ilikuwa imeshapita, inateremka.

Ndinda hakumgombeza. Laiti angemgombeza, Nasima angepata pa kushika. Alimshika mkono tu akamvuta, wakakimbia chini na ukingo kupitia shamba la nyanya la mtu, miba na vijiti vikiwachana, hadi mahali ambapo ukingo unashuka kuwa mchanga, pale kina mama huchotea maji wakati wa kiangazi. Ndinda alikuwa anazungumza huku akifungua leso. Alisema baada ya hapa ni mawe tu, na boti ikifika kwenye mawe hakuna mtu ataitoa. Alisema yeye anaingia majini kungoja kamba ya boti.

"Wewe uite. Sauti moja, na usinyamaze hata kidogo. Macho yake imeharibika. Atakuja na masikio."

Nasima akafungua kinywa kuita Fahima. Jina likatoka nusu, likavunjika, likawa kilio. Akajaribu tena, akalia tena. Alijiona kwa uwazi wa kutisha: mwanamke mzima aliyemng'oa mtoto wake penye usalama, akamtia mtoni usiku, kwa sababu ya swali la Hasina. Hata damu aliyomtafutia Ndinda aliigeuza deni. Na sasa kinachotakiwa kwake ni sauti tu, na sauti haipo.

Kilichotoka hatimaye hakukichagua. Kilikuwa kimekaa kwenye ulimi tangu mwezi ulipotangazwa, kama kilivyokaa kwenye ulimi wa kila Mwislamu jioni ile, na kwa pilikapilika zake hakuwa amepata hata nafasi ya kukitamka. Allahu Akbar, Allahu Akbar, Allahu Akbar. La ilaha illa Llah. Alianza kwa kutetemeka, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Takbira haihitaji kufikiria, mdomo unaijua njia. Allahu Akbar, Allahu Akbar, wa lillahi l-hamd. Aliitoa kwa nguvu zake zote kuelekea mahali asipopaona, akavuta pumzi katikati ya neno ili asiache mwanya, na Salat alipofika nyuma yake akitaka kuitikia, akampiga kofi la begani anyamaze. Sauti moja.

Akazunguka mara nyingi. Koo likaanza kukwaruza. Mto ulikwenda zake.

Kisha, katikati ya mzunguko mmoja, akasikia takbira nyingine ndani ya yake, nyembamba, imechelewa neno moja nyuma. Fahima alikuwa anamfuata. Nasima hakunyamaza hata hapo. Machozi yakamshuka na takbira ikaendelea, na kila alipomaliza, ile ya majini ilimalizia karibu zaidi. Likasikika kasia moja likipigwa haraka upande mmoja, na Kilonzo akimuuliza mkewe yuko wapi, na Ndinda, maji kifuani, akijibu hapa, hapa, tupa. Kamba ikapiga maji. Ndinda akaguna kwa uzito wa kuivuta, Salat akaingia na viatu vyake vya Idi, na boti ikakwaruza mchanga.

Hakuna aliyewasha taa. Hakuna aliyethubutu hata kuuliza. Fahima aliteremka akapapasa gizani hadi akampata mama yake, na bila salamu akamtia mikononi kifurushi kilicholowa. Nasima alimpapasa mjukuu wake kwa vidole: paji la uso, pua, mdomo unaotafuta titi, sikio dogo la baridi. Mtoto akaanza kulia kwa hasira, na nyanya yake akamwambia lia, baba, lia sana.

Nilisema Probox iliteremshwa hadi kwenye tope. Basi ilibaki hukohuko. Salat alikanyaga mafuta, magurudumu yakachimba, na kila alipochimba gari likakaa vizuri zaidi. Pa kwenda hapakuwepo ila nyumbani kwa Ndinda. Wakakausha nguo juu ya mafiga, wakapewa uji, Fahima akalala amemkumbatia mtoto, na Nasima hakulala. Alikaa mlangoni. Hakuinuka kwenda kutazama lolote, na kwa mtu anayemjua, hilo peke yake lilikuwa habari.

Kulipopambazuka Kilonzo alikuwa amekwisha kwenda mtoni kutafuta kasia lake na kurudi bila hilo. Macho yake yalikuwa mekundu. Akachota maji ya kunawa, akakaa kwenye kigoda mbali kidogo na Nasima, na kwa muda mrefu akawa anasafisha tope kwenye vidole vya miguu. Nasima akaanza kuomba msamaha. Kilonzo akainua mkono, taratibu.

"Mwaitu, ile siku ya Ndinda mimi siwezi kusahau," alisema. "Lakini usinikumbushe tena."

"Sitakukumbusha," Nasima alisema.

Hapo simu yake ikalia. Jua lilikuwa limekwisha kupanda, sala mjini imekwisha, na jina kwenye kioo lilikuwa la Hasina. Fahima, aliyekuwa ameamka na anamfunga mtoto nepi, alimtazama mama yake kwa macho ya mtu anayengoja kusikia uongo utakaotumika leo. Nasima aliiacha simu ilie, kisha akaipokea. Bi Hasina akamtakia Idi njema, akasema wamewatafuta uwanjani hawakuwaona, na akauliza, Fahima je, hakuja?

"Amekuja," Nasima alisema, sauti imekauka kwa takbira. "Tumelala mtoni. Boti ilikuwa imefungwa, nikamlazimisha mwenye boti. Nilitaka wewe umwone uwanjani, Hasina. Kwa hilo tu nusura nimwue yeye na mtoto."

 Nasima akakata simu, akaiweka chini, akamnyooshea Fahima mikono ampe mtoto amwone kwa mwanga.